Kazi ya Mzee Nyuma ya Jikoni

"Usiniambie tena kwamba ni fuko," nilimwambia Lazarus. "Fuko gani anakunywa karai zima la maji?"

"Punguza sauti. Mwalimu Hadijah atasikia."

"Asikie. Yeye ndiye yuko ndani na watoto."

Tulikuwa tumesimama nyuma ya jikoni, mimi na mume wangu, tukiangalia shimo lenye upana wa sufuria. Asubuhi lilikuwa na upana wa kikombe. Nilikuwa nimemwaga hapo maji niliyooshea vikombe vya uji, nikingoja yatuame kama yanavyotuama kila siku kwenye udongo wetu mwekundu wakati wa mvua. Hayakutuama. Yaliingia ndani, na baada ya kitambo nikayasikia yakianguka huko chini. Yalikuwa yanaangukia maji mengine.

"Basi ni choo cha zamani," alisema Lazarus.

"Choo cha nani? Nimeolewa hapa, nimezaa hapa, choo kimekuwa upande wa migomba siku zote."

"Kabla yako watu walikuwa wanaenda wapi, Zipporah? Walikuwa wanakungoja uje?"

Ningemjibu, lakini ngoma ilianza tena. Upande wa pili wa uwanja, hatua chache tu kutoka jikoni, ndiko liliko darasa la chekechea yangu, na siku hiyo watoto walikuwa wakifanya mazoezi ya isukuti, ngoma ya kwetu, kwa ajili ya siku ya wazazi. Hadijah ni wa Mumias, hakuzaliwa na isukuti, lakini akishika ile ngoma hutamtoa. Nilimsikia akiwaambia, "Kanyaga, kanyaga, mguu usilale." Nao wakakanyaga. Sakafu ya saruji iliitikia kwa sauti ambayo sikuipenda. Sakafu iliyokaa juu ya udongo hulia puu. Hii ilikuwa inalia kama mtungi.

"Sikia hiyo," nilisema.

"Nasikia ngoma."

"Sikia chini ya ngoma."

Lazarus alikunja mikono. Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, na mtu akikaa miaka mingi kati ya mabati na misumari anaanza kujiona injinia. "Mtaalamu alikuja," alisema. "Alipima. Alisema udongo unafaa. Umesahau, au nikuletee ripoti?"

Hakuhitaji kuileta. Aliitia kwenye fremu na kuitundika mlangoni mwa darasa, juu ya picha za matunda, kila mzazi aione. Na mimi ndiye niliyeng'ang'ania huo upimaji ufanywe. Hapa kwetu watu wamechimba dhahabu tangu enzi za wakoloni mpaka leo, na mvua kubwa haipiti bila kusikia mgodi fulani umebomoka. Nilisema siweki watoto wa watu juu ya ardhi nisiyoijua. Lazarus akamtafuta Kipruto, mtaalamu wa udongo, naye akaja na mashine yake ya kutoboa wakati mimi niko Kisumu kwenye semina ya walimu. Akatoboa kwenye pembe za kiwanja, akabeba udongo kwenye mifuko, akaandika kwamba utabeba jengo. Nikafurahi. Nikanunua rangi.

"Mpigie simu," nilisema. "Mwambie kuna shimo."

"Baada ya Jumamosi. Wazazi waje, wale, waende. Jumatatu nampigia."

"Na huo mguu unaokanyaga leo?"

"Mama Khasandi, wewe diploma yako ni ya kufundisha watoto kuimba. Mambo ya ardhi waachie wenye ardhi."

"Na wewe unauza misumari. Tuko sawa."

Mama mkwe wangu alitokea kwenye kona ya jikoni akiwa na ungo wa mboga za kunde. Watoto wote wanamwita Kukhu, yaani nyanya, na wale wanaotoka mbali hudhani wanamwita kuku. Aliangalia shimo bila kushtuka, kama mtu anayemwona jirani aliyehama akirudi.

"Ah," alisema. "Kazi ya mzee imefunguka."

"Kazi gani?" niliuliza.

"Kazi yake. Si nilikuambianga mzee alikuwa na kazi yake nyuma ya jikoni?"

Ni kweli aliniambia. Aliniambia kila mwaka tangu niolewe. Mzee alikuwa na kazi yake nyuma ya jikoni, mzee alijenga nyumba kubwa kwa ile kazi yake, mzee aliacha kazi kifua kilipoanza kumuuma. Nilidhani marehemu baba mkwe alikuwa seremala. Nilikuwa hata nimewahi kujiuliza meza zake zilikwenda wapi.

"Mama," nilisema polepole, "mzee alikuwa anachimba dhahabu?"

"Sasa unafikiri angechimba nini? Viazi?"

Niligeuka nikamtazama Lazarus. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Ulijua," nilimwambia.

"Nilikuwa mtoto. Niliona ikizibwa. Ilizibwa vizuri, Zipporah. Magogo, halafu mawe, halafu udongo."

"Magogo. Na gogo likikaa ardhini na mvua za Kakamega linakuwaje?"

Nilimgeukia Kukhu.

"Mama, Kipruto alipokuja na ile mashine hakuwauliza?"

"Aliuliza. Kijana mwenye adabu. Alizunguka kila nyumba akiuliza kama kuna shimo. Tukasema hakuna shimo."

"Mlisema hakuna?"

"Tukasema hakuna. Wewe ungesema lipo? Wale askari wanaoshika watu wasio na leseni wanaulizanga maneno hayohayo. Kuna shimo hapa, mama? Shimo la nani? Ukijibu, kesho mwanao yuko selo. Hapa hakuna mtu atakuonyesha shimo." Aliweka ungo chini. "Angeuliza mzee alifanyia wapi kazi, ningempeleka mwenyewe nikimshika mkono."

Nilitaka kukasirika na sikujua nianze na nani. Kipruto alikuwa ameuliza swali zuri kwa neno baya. Wazee walikuwa wamelinda wana wao dhidi ya mtu aliyekuja kulinda wajukuu wao. Na mume wangu, ambaye alijua kwamba kazi na shimo ni kitu kimoja, alinunua fremu.

"Shimo lilienda chini tu," alisema Lazarus haraka. "Liko hapa jikoni. Darasa liko kule. Tutaweka kifuniko cha zege, basi."

"Halikuenda chini tu," alisema Kukhu. "Lilishuka, halafu likatembea. Lilikuwa linafuata jiwe la dhahabu."

"Likatembea kwenda wapi?" niliuliza.

Alikwenda mlangoni mwa jikoni akachukua mchi. Alianza kutembea kutoka kwenye shimo, akiugonga mchi chini kila baada ya hatua kadhaa. "Chakula kikiiva, nitamwitaje mtu aliye chini? Nilikuwa napiga na mchi hapa juu, yeye anajibu na nyundo huko chini, ndiyo najua ameshasikia. Mwanzo nilipigia hapa. Mwaka uliofuata nikapigia hapa, kwa sababu amesonga." Akasonga. "Ugali ulikuwa unapoa nikitafuta mahali pa kupiga." Akapita kamba ya nguo, akapita tangi la maji. Lazarus alimfuata akisema, "Mama, pengine unasahau," naye hakugeuka. "Mara ya mwisho nilimpigia chini ya parachichi."

Mparachichi tuliukata mwaka jana. Mahali ulipokuwa sasa pana mlango wa darasa, na juu ya mlango huo imetundikwa ripoti. Kipruto alitoboa pembe nne. Mzee alipita katikati.

Kukhu aliinua mchi. Niliudaka kabla haujashuka.

Ndani, Hadijah alikuwa anawaambia waanze upya, na kwa nguvu.

"Zipporah, ngoja," alisema Lazarus. Alikuwa amesimama kati yangu na mlango. "Tumpigie Kipruto kwanza. Ukiwatoa mbio mbio, kufikia jioni Lurambi yote itajua. Nani ataleta mtoto hapa tena? Nani atanunua hata msumari kwangu?"

"Khasandi yuko ndani," nilisema. "Mtoto wako. Songa."

Akasonga.

Niliingia na kuweka kiganja juu ya ngoma. Hadijah aliniangalia usoni na hakuuliza kitu, namshukuru mpaka leo. Niliwaambia watoto tunacheza mchezo wa paka. Viatu mkononi, miguu laini, atakayesikika ametoka kwenye mchezo. Sikuwapitisha mlangoni. Niliwapitisha dirishani upande wa barabara, mmoja mmoja, Hadijah akiwa nje akiwapokea. Khasandi wangu akataka kurudi kuchukua sweta. Nikamwambia sweta litangoja. Akaanza kulia kwamba sasa amesikika na ametoka kwenye mchezo, nikamwinua nikamtoa akilia hivyohivyo. Mimi nilitoka mwisho. Sakafu haikufanya lolote. Ilikaa tu kimya, jambo ambalo lilinikasirisha zaidi, kwa sababu nilijua Lazarus ataliona hilo kama ushahidi.

Hadijah aliwapeleka kwenye banda la kanisa la jirani. Nilimpigia Kipruto nikiwa barabarani. Nilimweleza yote, mchi na parachichi.

"Wametoka?" aliuliza.

"Wametoka."

"Asirudi mtu. Msimwage maji, msipaki gari karibu. Kesho nakuja na mashine." Kisha akaongeza: "Mama, niliuliza kila nyumba."

"Najua. Kesho ukija, uliza kuhusu kazi."

Nilikwenda dukani kwa Lazarus kwa miguu, nikachukua mbao, nyundo na pakiti ya misumari. Kijana wake hakuthubutu kuniuliza nani analipa. Niliporudi, Lazarus alikuwa amekaa kwenye tangi, na simu mkononi.

"Nimeandikia wazazi ujumbe," alisema. "Nisome? Nimesema darasa limefungwa kwa muda kwa ajili ya ukarabati."

"Futa."

"Zipporah, ukarabati si uongo. Tutakarabati."

"Futa. Andika chini ya darasa kuna shimo."

"Askari wakisoma?" aliuliza Kukhu kutoka jikoni. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Watasema ni la mwanangu."

"Mama, wakija nitawapikia chai, halafu nitawaonyesha kaburi la mwenye kazi. Wamshike."

Kukhu alifunika mdomo kwa leso. Sijui kama alikuwa anacheka.

Nilipita nje nikiegemea ukuta, nikanyoosha mkono mpaka mlangoni nikaishusha fremu. Kisha nikapigilia mbao kwenye dirisha, na kutoka pembeni, bila kukanyaga kizingiti, nikapigilia mbili kwenye mlango. Ya pili Lazarus alikuja akaishika upande wa mbali isicheze. Sikumshukuru. Nilitoa chaki mfukoni mwa aproni, nikaandika juu ya ubao kwa herufi ambazo hata mtoto wa chekechea angezisoma: SHIMO.

Simu yake ililia ujumbe ulipoondoka. Nilimwambia anisomee. Alisoma, na neno lilikuwemo.