Daftari la Kumeza

Barua ilikuwa na aya tatu. Ya kwanza ilinishukuru kwa kuomba. Ya mwisho ilinitakia kila la heri. Ya katikati ndiyo iliyonichoma: pendekezo langu la utafiti lilikuwa zuri, ila lilirudia kazi iliyokwisha kuchapishwa na Dk. Gerald na wenzake, na ingefaa niisome kazi hiyo kabla ya kuomba tena.

Kuomba tena! Nina miaka thelathini na minne. Ufadhili ule, miaka miwili ya mafunzo ya utafiti wa saratani na biolojia ya seli, haumchukui mtu aliyefika thelathini na mitano, na mimi nafika Machi. Mwaka wa kwanza walinikataa kwa sababu mwombaji alitakiwa kueleza mashine za kukuzia seli zilizopo kazini kwake. Sisi kwenye maabara ya hospitali yetu hapa Mbulu tuna hadubini mbili, na moja haina lenzi. Kama ningekuwa na mashine za kukuzia seli, ningeomba nikajifunze nini? Mwaka wa pili mdhamini wangu alisahau kutuma barua, alikuwa semina. Hii ya sasa ilikuwa mara ya tatu, na ya mwisho.

Kazi yangu ni hii: daktari akikata kipande cha nyama kwenye koo la mgonjwa, mimi nakitia kwenye dawa ya formalini kisioze, naandika namba, nafunga boksi, nalipeleka stendi liende hospitali kubwa ya mkoa mwingine. Huko ndiko wanakosoma seli. Majibu yakirudi, mara nyingine mgonjwa tumeshamzika. Nimechoka kuwa tarishi wa nyama za watu. Nataka niketi mwenyewe mbele ya hizo seli nijue kwa nini makoo ya watu wetu yanajifunga.

Daftari langu lilianzia nyumbani kwetu, kijiji cha Daudi, kwa baba yangu, mzee Bura. Miaka saba iliyopita aliacha makande. Alisema mahindi ya siku hizi ni magumu. Mama akayachemsha kutwa nzima, hayakupita. Halafu ugali ukagoma. Akabaki na uji, kisha maziwa, kisha maji ya kijiko. Nilikuwa naandika kila kilichogoma na tarehe yake, kwa sababu sikuwa na lingine la kumsaidia. Alipofariki nilibaki na ukurasa mmoja wenye hatua tano: makande, ugali, uji, maziwa, maji. Nikaupeleka kazini. Kila mgonjwa wa koo aliyeletwa maabara nilimuuliza swali moja tu: nini kimegoma kupita, na tangu lini? Wenzangu wakacheka, wakaliita daftari la kumeza. Baba ni namba moja. Baada ya miaka minne nilikuwa nimefika namba mia mbili na kumi na nne.

Ndipo akaja huyo Dk. Gerald, akitafuta takwimu za utafiti wake. Mtoto wa nyumbani, wa Katesh kule Hanang, anafundisha chuo kikuu na anajua kumwamkia mtu mzima akamalizika. Nilimpeleka mpaka kwa mama, akanywa chai, akaondoka na lita ya asali. Kesho yake alipiga picha daftari lote kwa simu. Na nani aliyemshikia kurasa zisijikunje? Mimi. Nilisimama pale mchana mzima nikimshikia kurasa, nikijiona msomi.

Sasa hiyo kazi iliyochapishwa, hata kuisoma nilishindwa. Mtandao ulitaka nilipe kwa dola ili nisome kilichotoka kwenye daftari langu mwenyewe. Rafiki yangu Glory, aliyeko chuoni Dodoma, ndiye aliyenitumia. Niliifungua kwenye simu nikiwa zamu ya mchana. Majina saba, langu halimo. Mwishoni kabisa, mahali pa shukrani, wamewashukuru “wahudumu wa maabara wa wilayani.” Hatua zangu tano zimo, zimepewa jina la Kiingereza. Mstari wa kwanza wa jedwali: mwanamume, miaka 61, mkulima, Daudi, hatua ya nne, amefariki.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji. Halafu nikanawa uso nikarudi, maana damu za watu zilikuwa zinasubiri.

Chini ya saini, kwa herufi ndogo, barua ilitoa siku kumi na nne za kukata rufaa. Fomu yake ilikuwa na kisanduku cha saba: saini ya mtu anayethibitisha chimbuko la takwimu. Mganga mfawidhi wetu alihamia mwaka jana. Akasema hawezi kuthibitisha asichokiona, na sikumlaumu. Aliyemtangulia alistaafu na simu yake haipatikani. Akabaki Gerald.

“Kaka, shikamoo. Nahitaji saini yako.”

“Marahaba, mdogo wangu. Nimeona ujumbe wako. Nimebanwa sana wiki hizi.”

“Ni saini moja tu kwamba daftari ni langu.”

“Daftari ni la hospitali, Natalia. Na wewe ulisaidia kuandika, hilo silikatai. Tulia. Nina mradi mwingine unakuja, nitakuweka kwenye kukusanya takwimu.”

Kukusanya takwimu! Nilikata simu kabla mdomo haujanitia aibu. Siku tisa zilikuwa zimekwisha.

Nikairudia ile kazi, safari hii kwa kalamu mkononi, na hasira yangu ikapata kazi ya kufanya. Kulikuwa na sura ya Hanang. Walikuwa wameandika kwamba wafugaji wa tambarare za Hanang hufika hospitali wakiwa wamechelewa kuliko wakulima wa Mbulu, na sababu waliyoitoa ni imani za jadi. Nikasema haiwezekani. Namkumbuka mzee Gidamis. Mwanawe alimleta kwa pikipiki wiki mbili tu baada ya maziwa kumshinda. Wiki mbili! Wakulima wa kwetu husubiri miezi.

Nikafungua daftari, nikamtafuta mzee Gidamis. Nilikuwa nimemwandika hatua ya tatu. Wao wamemweka ya nne. Mwingine wa Hanang, vilevile. Wote vilevile. Nikaelewa walichofanya.

Mfugaji akikwambia maziwa, hasemi maziwa ya chai. Anasema ya kibuyu, yaliyoganda, mazito. Mtu wa namna hiyo maziwa yanamgomea mapema, huku uji mwepesi bado unapita. Ndiyo maana kwenye kurasa za Hanang nilibadilisha mpangilio: maziwa ya tatu, uji wa nne. Sikuandika sababu, nani hapa asiyejua kibuyu kina nini? Gerald amezaliwa Katesh mjini, maziwa yake ni ya pakiti. Aliona nimegeuza, akadhani mhudumu wa maabara amekosea. Akanisahihisha.

Nikamtumia ujumbe mmoja: “Kaka, sura yako ya Hanang ina kosa. Wafugaji hawakuchelewa.”

Mtu aliyebanwa wiki nzima alifika Daudi kesho yake, Jumamosi, saa nne asubuhi. Nami nilikuwa nyumbani, ila hakuanza na mimi. Alikwenda kwa mama, na kilo tano za sukari mkononi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Kwenu Katesh wazima?”

Akaeleza kwamba pametokea kutoelewana kidogo kati yake na mdogo wake, na amekuja kuomba radhi. Mama akaipokea sukari, akamshukuru kwa mikono miwili, akanitazama mimi. “Natalia, mtu amekuja mpaka nyumbani. Yaishe.” Nilitamani kupiga kelele. Mama yangu hajui kusoma. Kwake makaratasi yote ni mamoja, na mgeni aliyekuja na sukari ni mgeni aliyekuja na sukari.

“Hebu nionyeshe hilo kosa,” Gerald akasema kwa upole, kompyuta tayari iko magotini.

Sikumwonyesha kwenye kompyuta. Niliingia jikoni nikatoka na vikombe viwili. Kimoja uji mwepesi wa mama. Kingine maziwa ya kibuyu, ambayo mjane wa mzee Gidamis hunitumia tangu nilipokwenda kuwapa pole ya msiba.

“Meza hiki. Sasa hiki. Koo lako likiwa tundu la sindano, kipi kitaanza kugoma?”

Akanywa uji. Akanywa maziwa, akatafuna kidogo, akameza kwa shida. Akabaki anakitazama kikombe.

“Kumbe,” akasema. “Kumbe!”

Na papo hapo akatoa daftari lake dogo mfukoni, akafungua kalamu, akaanza kuandika. Mbele yangu! Kwenye kiti cha baba!

“Kaka, funga kalamu.”

“Nisahau? Hii ni muhimu sana, Natalia. Inabidi turekebishe, tuchapishe upya.”

“Akina nani?”

Nikamwekea fomu ya rufaa juu ya kompyuta yake, kisanduku cha saba juu. “Kalamu umeshaitoa. Anza na hapa.”

Aliisoma yote. Alipomaliza alikuwa ametoa kitambaa anajifuta shingo. “Mdogo wangu, nikisaini hii, nitaonekanaje? Wale wanaotoa ufadhili ndio hao hao wanaonifadhili mimi. Nipe mwezi mmoja nijipange.”

“Zimebaki siku tatu.”

“Basi omba mwakani, nitakuandikia barua nzuri mwenyewe.”

“Mwakani nitakuwa mzee! Umri nimekuandikia, unaujua!”

Mama alikuwa akitusikiliza, mikono mapajani. Akauliza, “Humo kwenye kompyuta kuna nini hasa?”

“Kuna wagonjwa wa koo, mama,” Gerald akasema.

“Bura yumo?”

Gerald akanitazama. “Yumo wa kwanza, mama,” nikasema.

“Wamemsemaje?”

Nikamsomea kama ilivyo, kwa Kiiraqw, lugha yetu. Mwanamume, miaka sitini na mmoja, mkulima, Daudi, hatua ya nne, amefariki. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akanisubiri kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi.

“Mwanangu Gerald, wewe ulimjua Bura?”

“Hapana, mama.”

“Alipokuwa hamezi, nani alikuwa anaandika?”

“Natalia, mama.”

“Na humo imeandikwa nani?”

Gerald akafunga kompyuta taratibu. Mama akainuka, akaingia ndani, akatoka na ule mfuko wa sukari. Hakuwa ameufungua. Akauweka kwenye magoti ya Gerald, mahali ilipokuwa kompyuta, akamwambia safari njema na amsalimie mama yake. Kwetu mtu akikurudishia ulichomletea, hana haja ya kukutukana. Gerald aliondoka na sukari yake, na fomu ikabaki mezani na kisanduku cha saba kikiwa kitupu.

Nilikaa pale nikiwa nimeshiba hasira. Vikombe viwili, kosa nimelithibitisha, na sina saini. Nikaanza kumweleza mama, kwa ukali ambao hakustahili, kwamba amemfukuza mtu pekee ambaye angeweza kusaini. Kwamba wale watu wanataka mtu aliyeona daftari likianza, na hakuna mwingine.

“Ni wapi panapotakiwa huyo mtu?” akauliza.

Nikamwonyesha kwa kidole.

“Una wino?”

“Mama, wanataka mtu wa...” Nikaishia hapo, maana sikujua nilitaka kusema wa nini. Wa elimu? Wa cheo? Fomu haikusema hivyo. Nikatafuta kidau cha mhuri kwenye mkoba wangu wa kazini. Mama akafuta kidole gumba kwenye kanga, akakibonyeza kwenye wino, akakikandamiza ndani ya kisanduku kwa nguvu, kama anabandika kitu kisichotakiwa kubanduka.

Nikaiskani kwa simu. Nikaambatisha ukurasa wa kwanza wa daftari, ukurasa wa mzee Gidamis, na maelezo ya vikombe viwili. Mtandao wa Daudi ulikataa mara nne. Nilipanda mpaka kanisani juu ndipo ikaenda.

Jibu lilikuja Jumatano. Katibu wa kamati aliandika kwamba rufaa imefika ndani ya muda na maelezo kuhusu takwimu za Hanang yamepelekwa kwa wataalamu. Lakini alama iliyomo kisanduku cha saba haisomeki. Nieleze ni ya nani, cheo chake ni kipi, na alihusikaje na takwimu.

Nilipandwa na hasira upya. Nilikwenda nayo nyumbani hivyohivyo, nikamkuta mama anapembua maharage, nikamsomea kila neno. Haisomeki! Cheo! Alihusikaje!

Mama hakukasirika. Alipepeta ungo mara mbili, akatoa jiwe, akalitupa.

“Waandikie,” akasema, “mimi ndiye niliyekuwa napika uji.”