Jina la Kokushubira

Ta Kahangwa wa Nshambya alikuwa karani wa vizazi na vifo kwa miaka thelathini na moja, na mwandiko wake ulisifiwa Bukoba nzima. Mtu akija kuandikisha kifo, Kahangwa hakuanza na fomu, ng'o! Kwanza alimpa akamwani, ile buni ya kutafuna tunayompokelea mgeni, akamwambia pole, akamuuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Foleni ikirefuka, shauri yake. Alipostaafu, watu walimlilia.

Sasa ofisi ilikuwa imehamia ndani ya simu ya binti yake Jenifa, na marehemu alikuwa mkewe mwenyewe.

"Tata, tuanze," Jenifa alisema. Walikuwa barazani, mvua ya asubuhi ikidondoka bado kutoka kwenye migomba. Aliingiza namba ya kitambulisho cha mama yake, na jina likajitokeza lenyewe: Immakulata Kahangwa.

Mzee aligeuza uso. "Huyo simjui. Ukituma hivyo, usinihesabu."

Mganga hajigangi, jamani. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na Immakulata alipewa Kokushubira na baba yake, mzee Kaijage wa Rubya. Ni kwa jina hilo Kahangwa alimpenda. Alikuwa akilitaja peke yake njia nzima akirudi kutoka kumchumbia, hata wachuma kahawa wakamcheka. Kisha wakaoana, na karani kijana, kichwa kimejaa mapenzi, akamwandikia mkewe cheti cha kuzaliwa kwa mkono wake na kumbandika jina la Kahangwa. Alidhani anampa zawadi! Bibi harusi alikisoma, akacheka, halafu akamrudishia.

"Umemfuta binti wa Kaijage," alisema. "Nirekebishie."

"Njoo kesho," karani alimtania.

Utani ukaota mizizi. Kila alipokumbushwa, Kahangwa alikuwa na jibu: mara kiapo, mara sahihi ya mkubwa, mara faili lazima liende Dar es Salaam. "Utaratibu ni mrefu, mke wangu." Mama wa watu alisubiri miaka thelathini na saba bila kununa. Machi hii aliugua wiki mbili, akaenda zake, na kitambulisho kikiwa na jina lilelile.

"Mashine haisikilizi mtu," mzee alisema. "Ingekuwa enzi zetu, ningeongea na mwenzangu pale dirishani."

"Tata, soma hapa chini."

Alivaa miwani. Pameandikwa kwa Kiswahili cha kawaida kabisa: Jina hili si sahihi? Bonyeza hapa. Wakabonyeza. Wakaulizwa ushahidi, Jenifa akaipiga picha kadi ya ubatizo ya mama yake, yenye jina lake la kwao, wakatuma. Mzee hajavua miwani, ujumbe ukaingia kumwambia ombi lake limefika, liko hatua gani na linashughulikiwa na nani. Kahangwa aliusoma mara tatu. Yeye hakuwahi kumwambia mtu faili lake liko wapi.

Kesho yake simu ikaita.

"Ta Kahangwa? Pole sana na msiba, waitu, mzee wangu. Naitwa Hellen, mimi ndiye ninayeshughulikia ombi lako. Kokushubira alikuwa anaitwa hivyo hata nyumbani?"

Lo! Mzee alifunguka. Alimweleza Rubya ya wakati ule, kahawa ikichanua, na msichana aliyewashinda wavulana wote kwa mbio. Hellen hakumkatiza. Hata simu ilipokatika, Kahangwa alikuwa bado akitabasamu.

Siku ya tisa cheti cha kifo kikaja kwenye simu. Immakulata Kokushubira Kaijage.

"Siku tisa, Tata!" Jenifa alipiga kigelegele. "Na hatukutoka hata nje ya kibanja chetu!"

Mzee aliishika simu kwa mikono miwili. Jenifa alingoja acheke, lakini machozi ndiyo yalimtoka.

"Siku tisa," alisema.

"Si umefurahi? Utaratibu wenu ulikuwa mrefu mno."

"Haukuwa mrefu, mwanangu. Fomu ya kurekebisha jina ilikuwa moja tu, ukurasa mmoja. Ilikaa kwenye droo yangu, na mwenye kuijaza nilikuwa mimi."