Sanduku la Juu Kabisa

Jina moja tu ndilo lingepelekwa leo kwenye mafunzo ya maabara ya hospitali, na Nsimire alilitaka liwe lake. Shule aliiachia darasa la sita kule Kivu. Siku hizi anapanga masanduku depo, ghala la mizigo, hapa Buffalo, Marekani. Miezi mitatu nzima alikuwa akikariri jedwali la elementi, mstari kwa mstari, kama watoto wa kanisani wanavyokariri Zaburi za mashindano. Zote mia moja na kumi na nane!

Akasimama mbele ya darasa la watu wazima, kwenye chumba cha chini cha kanisa, akazimwaga bila kujikwaa hata mara moja.

"Amina!" Aganze, mwanafunzi mwenzake, akapaza sauti kutoka nyuma. "Sasa tutoe sadaka!"

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu Dionizi, Mrundi asiyepandisha sauti, hakucheka. "Vizuri, Nsimire. Sasa niambie: sodiamu ni namba kumi na moja, potasiamu ni namba kumi na tisa. Kwa nini zimepangwa kwenye safu moja, hii imekaa juu ya hii?"

Nsimire akageukia ubao. Majina aliyakariri, sababu hakuikariri.

"Bon, dada, hilo halimo kwenye Zaburi," Aganze akamchokoza.

 Nsimire alikuwa akiitazama michoro ya atomi ubaoni, duara ndani ya duara, na elektroni kama vitone: mbili ndani, nane zinazofuata, moja nje peke yake. Akaitazama taratibu, kama anavyoitazama paleti, ubao uliopangiwa masanduku tabaka juu ya tabaka, kabla ya kuifunga nailoni. Paleti haihesabiwi sanduku moja moja. Unahesabu tabaka, kisha unaangalia la juu kabisa lina mangapi.

Akachukua kalamu ya ubao.

"Sodiamu: mbili, nane, moja. Donc, yaani, tabaka tatu, mstari wa tatu. Potasiamu: mbili, nane, nane, moja. Tabaka nne, mstari wa nne. Lakini zote mbili, tabaka la mwisho lina moja tu. Ndiyo maana safu ni moja!"

"Na klorini, namba kumi na saba?"

"Mbili, nane, saba. Imepungukiwa moja tu ifike nane." Sauti ikampanda. "Depo, sanduku likibaki peke yake juu, tunalihamishia kwenye paleti iliyopungukiwa. Sodiamu inatoa, klorini inapokea. Mwalimu... si ndiyo chumvi hiyo?"

"Ndiyo chumvi. Ya mezani kabisa."

Dionizi akavuta fomu ya mafunzo ya maabara, akaandika jina la Nsimire mbele ya wote, herufi kubwa kubwa. Mama Bamurange, mwanafunzi mwenzao, akapiga vigelegele mpaka mchungaji akachungulia ngazini.

Aganze alikuwa ameshahamisha kiti chake mbele. "Dada, rudia toka mwanzo, polepole. Mimi nilikuwa nacheka."

Nsimire akafuta ubao wote. "Haidrojeni," akasema, "ina moja."