Kivuli Kisicho na Mti

Kila asubuhi Shangazi alitoa cherehani yake nje, akaiweka upande wa ukuta wenye kivuli, na jua lilivyosogea naye akasogea, hata jioni akajikuta ameizunguka nyumba nzima. Siku hiyo hakusogea. Kivuli cha mti kilikuwa kimetanda uani tangu asubuhi, kipana, chenye majani yanayotikisika, ingawa uani hapakuwa na mti, wala bondeni kote. Shangazi alitazama juu mara moja, akavuta kiti, akaendelea kukunja pindo za sare za shule.

Kufika saa sita, majirani walikuwa wameshatandika mikeka. Muuza mkaa alisema kivuli cha uani kwake bado chepesi, labda mti wenyewe ni mchanga.

Miti ilikuwa imepandwa mlimani, ng'ambo ya mji, kwa ushauri wa mtambo. Manispaa ilikuwa na mtambo wenye akili wa kusikiliza wananchi: unapiga simu, unasema mtaa wako unahitaji nini, nao unapima maoni ya wote na kushauri. Aliyeusimamia alikuwa mtoto wa kaka yake Shangazi, aliyelelewa katika nyumba ile ile. Bondeni walimwita Injinia, na kila akija kusalimia walimletea redio mbovu, ingawa hajui redio.

Ndiye aliyewaambia wapige simu. "Ule hauna ndugu wala mjomba," alisema. "Kila mtu atasikilizwa sawa na mwenzake."

Wakaja uani kwa Shangazi, kwa kuwa simu yake ndiyo iliyokuwa na salio, wakapokezana. Walieleza joto la mabati. Walieleza korongo lililo nyuma ya nyumba, linavyomega ardhi kila masika, na kwamba miti ingeishika. Lakini mtambo ulihesabu simu, haukuhesabu watu. Ukarekodi kwamba bondeni anaishi mtu mmoja, naye ana maneno mengi.

Injinia aliliona kosa hilo kabla mtambo haujazinduliwa rasmi. Akamwendea mkurugenzi.

"Kulirekebisha kutachukua muda gani?"

"Kama mwezi, bosi."

"Wageni wanafika Jumatatu."

Injinia akarudi ofisini kwake. Jumatatu alisimama mbele ya wageni akasema mtambo ni wa kuaminika. Walimpigia makofi, akakatiwa kipande cha keki, akakila chote.

Miti ikapandwa mlimani, kwenye simu nyingi, na ilipokua, vivuli vyake vilishukia bondeni. Mlimani yenyewe ilisimama juani bila hata doa la giza chini yake. Wenyeji wa huko walitembea na miamvuli, wakapiga simu kulalamika, kila mmoja kwa simu yake, wengine kwa mbili. Mtambo ukashauri mlimani iongezwe miti. Ikaongezwa, na bondeni kukawa na ubaridi mzuri.

Masika ilipofika, korongo lilimega kama kawaida yake, maana kivuli hakina mizizi. Jiko la Shangazi lilienda na maji, pamoja na sufuria mbili na mlango. Baada ya hapo mkurugenzi akamtuma Injinia athibitishe kwamba bondeni kivuli kipo, ili mtaa uondolewe kwenye mpango wa miti.

Alimkuta Shangazi anapika chumbani, kando ya kitanda.

"Pole na jiko, Shangazi."

"Tushapoa, mwanangu. Hebu niambie, ile siku tulipopiga simu, tulisikika?"

Injinia alitazama nje. Kivuli kilikuwa kinachezacheza juu ya watu waliolala mikekani.

"Mlisikika," alisema.

"Mimi niliwaambia. Niliwaambia huyu hawezi kutusahau."

Shangazi akatoka na simu mkononi akawatangazia majirani. Wakaona si vizuri kukaa kimya baada ya kutendewa wema, wakapokezana simu ile ile kuushukuru mtambo. Muuza mkaa aliuombea maisha marefu. Simu ya Injinia ikatetemeka mfukoni. Taarifa ya mtambo ilisema: bondeni, mtu mmoja, ameridhika.

Pale pale, akiwa amesimama mlangoni, akajaza kwenye simu kwamba kivuli kipo, akatuma. Haukuwa uongo.

"Ngoja basi ule," alisema Shangazi.

"Nimeshiba, Shangazi. Kazini wananisubiri."

Alitaka kupita nyuma ya nyumba asionane na mtu, kwa njia aliyokuwa akitorokea tangu utotoni. Njia haikuwepo. Hatua chache tu kutoka ukutani ardhi ilikatika, na huko chini ulionekana mlango wa jiko, umelala kwenye tope. Akarudi mbele. Majirani walikuwa wamekwisha kuinuka na kujipanga kando ya mikeka, wakimsubiri, naye akawapa mkono mmoja mmoja, wote, mpaka wa mwisho.