Kabini Namba Ine

Muntu akitaka kuchagua kabini kwenye bato ya Kindu kwenda Ubundu, aulize mambo matatu: mashini iko wapi, choo iko wapi, na mbuzi watafungwa wapi. Mengine ni urembo. Mimi nimepita mto huu mara nyingi kuliko nilivyokata nywele, na karibu mara zote nililala inje, juu ya mizigo ya watu, kuku wakinidonoa vidole vya miguu. Kabini nilizijua kwa kupita mlangoni tu, ila mara moja.

Lakini safari hii nilitaka kabini, na si kabini yoyote. Nilitaka namba ine.

Germaine, mama anayeuza tikiti pale bandarini, ana karatoni kubwa ukutani. Juu yake amechora bato yote kwa kalamu ya bluu: mbele, nyuma, jikoni, na kabini kumi. Moja, tatu, tano na wenzao ziko kuume. Mbili, ine, sita na wenzao ziko kushoto. Ukinunua, anaandika jina lako ndani ya kisanduku cha kabini yako. Nilipofika asubuhi ya Jumatatu, ndani ya namba ine alikuwa ameandika: Philomène, mchele.

"Mchele njo jina la bwana yake?" nikauliza.

"Njo kazi yake, papa. Anapeleka mchele Kisangani. Wewe kamata namba tatu. Zinatazamana, kati yao ni njia ndogo tu."

"Si sawa na namba ine."

"Kitanda moja, dirisha moja. Mashini iko mbali, choo iko mbali, mbuzi wanafungwa nyuma. Unataka nini tena?"

"Namba ine."

Germaine akanitazama juu ya miwani. "Papa Soudi, siku zote unalala na kuku. Leo umekuwa minisitiri?"

Watu waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Nikakubali namba tatu ili nisikose zote mbili. Akaandika: Soudi. Akafikiri kidogo, kwa sababu kila muntu alikuwa na kazi yake pembeni ya jina. Akaongeza: mutembezi.

Hakunionea. Darasa la kwanza nilisoma Kibombo, la pili Kasongo, la tatu sikumbuki, maana baba alikuwa anafanya kazi ya reli na sisi tulifuata reli. Baba alipoacha, mimi nikaendelea. Nimesukuma baiskeli ya chumvi mpaka Lubutu, nimepasua mbao, nimevua samaki Lokandu na watu ambao sikujua lugha yao. Nilioa Kindu, mke wangu aliitwa Nuru, mutoto wa mtaa wa Kasuku palepale Kindu, na mwaka wa kwanza wa ndoa yetu nilikaa nyumbani miezi miwili. Watu walimuuliza: bwana yako ni wa kweli ao ni wa kusimuliwa?

Mwaka wa tisini na nane, mwezi wa tisa, nilikuwa Ubundu nikipasua mbao. Vita ilikuwa inakaribia Kindu. Nuru akachoka kungoja. Akapanda bato, akashuka Ubundu, akanikuta kambini nikila muhogo.

"Kunja vitu vyako," akasema. "Kama ni kukufa, tukufe kwa mama yangu."

Alinichukua kama muntu anavyochukua mbuzi aliyekata kamba. Nilimfuata nyuma, na siku ileile tukapanda bato ya kurudi Kindu.

Bato ilikuwa imejaa, lakini kabini zilikuwa tupu. Hii hamtaiamini, ila njo ilivyokuwa. Kila muntu alitaka inje. Walisema: wakipiga risasi, bati la kabini haliwezi kuzuia kitu, na mlango ni mwembamba, inje utaruka ndani ya maji. Wafanyabiashara waliolipa kabini walikuja kukaa juu ya mizigo pamoja na sisi. Kapiteni akapita akisema anayetaka aingie bure. Hakuna aliyeinuka, ila Nuru.

"Mimi sijui kuogelea," akasema. "Nikiwa inje nitakufa, nikiwa ndani nitakufa. Afazali kwenye kitanda."

Tukaingia namba ine, upande wa kushoto. Ilikuwa mara ya kwanza kwetu sote wawili. Nuru alifungua dirisha, akafunga, akafungua tena. Alipapasa shuka kama muntu anayetaka kuinunua.

Kabla hatujafika Lokandu, watu wa mitumbwi wakatuambia tusiendelee, mbele wanapigana. Kapiteni akaingiza bato chini ya miti, kwenye ukingo ule wa upande wa Alunguli, mtaa unaotazamana na Kindu ng'ambo ya mto, mahali wapasua mbao walipaita Bandari ya Mbao. Tukakata matawi, tukafunika paa. Akakataza moto, akakataza kelele. Tulikaa pale siku tatu.

Siku tatu! Kwangu mimi ilikuwa kama kufungwa gereza. Siku ya kwanza nilizunguka ndani ya kabini mpaka Nuru akaniambia nimpishe hewa. Siku ya pili nilikaa. Akanisimulia dada zote za mama yake, mmoja mmoja, nani alimkosea nani kwenye arusi ya nani. Nikagundua kwamba sikujua kama mke wangu anaogopa vyura. Sikujua kwamba akicheka sana anashika sikio. Tulikuwa na avoka, yaani maparachichi, na chumvi, basi. Dirisha letu lilikuwa karibu na ukingo, hata tawi moja liliingia ndani, na Nuru akatundika kitambaa chake pale.

Siku ya tatu alishuka kwenye ubao akiwa na mbegu ya avoka. Akachimba kwa kijiko, akaizika, akakanyaga udongo kwa kisigino, mimi nikimtazama dirishani. Aliporudi alisema:

"Ikikuwa, tutapita tuione. Lakini siku ile tutalipa. Jina letu liandikwe kama la watu."

"Tutalipa."

"Kabini gani?"

"Namba ine."

"Sema tena, maana wewe unasahau hata nyumba yako."

"Namba ine, Nuru."

Tulipoingia Kindu dirisha letu lilituonyesha Alunguli tu, ng'ambo ya pili. Nuru alitoka mbio kwenda upande mwingine ili aone kwao. "Kabini nzuri," akasema, "lakini inanificha mama yangu." Mutoto wetu, Malaika, alizaliwa mwezi wa sita mwaka uliofuata. Hesabu fanyeni wenyewe.

Baadaye vita ikafunga mto. Bato ile iliozea majini. Amani ilipokuja, miguu yangu nayo ikakumbuka barabara. Kila mwaka Nuru aliniuliza, na kila mwaka nilijibu: mwaka kesho. Miaka mine iliyopita nilikuwa Lubutu nilipopata habari kwamba tansio, presha ya damu, imempanda. Nilifika Kindu wakiwa wamekwisha kumzika.

Sasa magoti yangu yamekataa kazi, na Malaika, ambaye ni mwalimu Kisangani, ameniambia nihamie kwake. Sitarudi tena huku. Bato itapita Bandari ya Mbao mara moja, haisimami pale. Njo maana nilitaka dirisha lile.

Siku ya Jumanne nikamtafuta Mama Philomène sokoni. Ni mama munene mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo.

"Unataka kabini yangu?" akasema. "Iko nini ndani? Uliacha zahabu?"

"Nataka tubadilishane tu. Namba tatu iko sawasawa na yako."

"Kama iko sawasawa, baki nayo."

Mdogo wake Joëlle, aliyekuwa anashona mifuko, akacheka mpaka akadondosha sindano. Mimi sikutaka kusema habari za Nuru katikati ya soko. Nikasema: "Uliza unachotaka."

Akaangalia kiti nilichobeba. Ni kiti cha kukunja, cha mbao na ngozi, nilikitengeneza mwenyewe wakati wa mbao. Kimekwenda kila mahali nilipokwenda. Nilikuwa nacho hata siku zile tatu.

"Kiti ile," akasema.

Nikampa. Nikarudi kwa Germaine kwa miguu, nikipumzika kwenye ngazi za watu. Germaine akakata mstari juu ya mchele, akaniandika ndani ya namba ine.

"Ongeza jina moja," nikamwambia. "Nuru. Na kwenye tikiti pia."

"Naye anasafiri?"

"Hapana."

Kalamu ikasimama. Kisha akaandika, polepole, kwa herufi nzuri kuliko zangu. "Kitanda ni moja, papa," akasema bila kuniangalia.

"Tumezoea."

Siku ya Alhamisi tukapanda. Bato hii ni mpya, lakini waliipanga kama ile ya zamani, na namba ine iko palepale. Nikafungua dirisha, nikafunga, nikafungua tena. Tukaachana na gati, kapiteni akageuza pua kuelekea Ubundu, nami nikakaa kitandani kungojea Alunguli.

Nikaona bandari. Nikaona stesheni, nikaona watu wakipunga mikono. Nikasema, kapiteni hajamaliza kugeuka. Nikangoja. Nikaona nyumba za Mikelenge, mtaa wa Kindu upande wa bandari, zikipita moja moja, na watoto wakioga. Nikatoa kichwa, nikatazama mbele. Bato ilikuwa imenyooka zamani.

Hapo njo nikaelewa. Na Nuru tulikuwa tunapanda mto. Leo tulikuwa tunashuka. Mkono wa kushoto uliobeba Alunguli siku ile, leo umebeba Mikelenge, na Bandari ya Mbao itapita nyuma ya mgongo wangu. Hata mutoto wa mtumbwi anajua hivyo kabla hajajua kufunga suruali. Mimi, mzee wa mto, nilikuwa nimepewa dirisha lenyewe siku ya kwanza, na jina langu likaandikwa, nikalikataa, nikaongeza na kiti juu.

Nilikaa pale mpaka jua likawa juu ya paa. Sikuwa na haya mbele ya mtu, maana nilikuwa peke yangu, lakini nilikuwa na haya. Kisha nikavuka njia ndogo, nikagonga namba tatu.

Mama Philomène alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Nyuma yake mifuko ya mchele ilipanda mpaka juu, imefunika dirisha lote.

"Kiti sirudishi," akasema.

"Sikuja kwa kiti."

Nikamwambia yote. Kabini za bure, avoka, kisigino, mwaka kesho, Lubutu. Joëlle aliacha kusuka nywele. Nilipofika pale pa kupanda na kushuka mto, Mama Philomène alifunga mdomo kwa mkono, na nikaona mabega yake yanatetemeka.

"Cheka tu, mama."

"Papa," akasema akipangusa macho, "ungesema hivi sokoni, ungekuwa na kabini yako na kiti yako."

"Najua."

"Wanaume. Joëlle! Simama, tukamate mifuko."

"Tuipeleke wapi, yaya?" Joëlle akamuuliza dada yake. "Inje wataiba."

"Namba ine. Si niliilipia zamani?"

Wale wanawake wawili walihamisha mifuko kumi na sita, mimi nikishika milango. Vijana wa kapiteni wakapiga kelele, Mama Philomène akapiga kubwa zaidi, wakanyamaza. Dirisha la namba tatu likafunguka, na ukingo wa upande wa Alunguli ulikuwa pale.

Lokandu tuliipita mchana. Saa kumi hivi nikatambua kona ya mto, na jiwe jeusi. Nikawaambia: ni sasa. Tukasogea sote watatu dirishani, mashavu karibu kugusana.

Nilitafuta pori. Hapakuwa na pori. Kulikuwa na nyumba, paa za bati tatu, nguo zimeanikwa, na mbuzi. Na kati ya nyumba kulikuwa na miti ya avoka. Si mmoja. Ilianzia majini ikapanda mpaka nyuma ya kijiji.

"Njo upi?" akauliza Joëlle.

"Sijui."

"Chagua, papa," akasema Mama Philomène. "Bato haingoji."

Kulikuwa na mmoja mnene, umeinama kuelekea maji, tawi lake moja limenyooka kana kwamba linataka kuingia ndani ya kitu. Nikanyoosha kidole. "Ule."

"Basi ule," akasema, na hakucheka.

Tuliutazama mpaka kona ikauchukua. Mtumbwi ukatufikia kutoka kijijini, wakashika ubavu wa bato kama wanavyofanya kwa kila bato, na mwanamke mmoja akainua kikapu cha avoka. Joëlle akanunua kwa dirisha. Za mti gani, hakuna aliyeuliza. Tukazila na chumvi, mimi nimekaa sakafuni.

Mbegu moja nikaipangusa, nikaifunga ndani ya tikiti, ile ya majina mawili. Malaika ana uwanja nyuma ya nyumba yake. Nikaenda kuiweka ndani ya mfuko wangu wa safari, niliouacha namba ine, lakini mlango haukufunguka hata nusu: mchele ulikuwa umelala juu ya kitanda, na sakafuni, na mbele ya dirisha.

Nikarudi namba tatu na mbegu yangu mkononi. Mama Philomène alikuwa amekaa tena kwenye kiti. Hakuinuka. Alivuta tu miguu yake pembeni, ili nipate pa kukaa karibu na dirisha.