Vipimo vya Shemeji

Mume wangu ni fundi wa majeneza, mimi nashona vitambaa vya ndani. Hatuchagui wateja. Wa chama hiki na wa chama kile, wote kwetu wanalala chali.

Wiki ya mwisho ya kampeni aliingia shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, na kundi la vijana wenye fulana mpya, sauti zimewakauka kwa kelele. Walitaka jeneza la kubeba mkutanoni, liandikwe jina la mwalimu, mgombea wa upande wa pili, ajue kinachomsubiri asipojitoa.

"Utani tu, kaka," alisema shemeji.

Mama huyo ndiye aliyemfundisha shemeji kusoma. Nilitamani kumzaba kofi.

Mume wangu alikuwa na fulana ya chama hichohicho. Hakugomba. Alitoa futi mfukoni.

"Bila vipimo sitengenezi. Mwenyewe simuoni hapa. Nani atasimama badala yake?"

Wakaangua kicheko, wakamsukuma shemeji mbele.

"Simama wima. Mikono chini. Fumba macho."

Alimpima utosini mpaka kisiginoni, akampima mabega, akaandika kwa chaki ukutani kama anavyomfanyia marehemu yeyote. Juu ya tarakimu akaandika jina la mdogo wake. Kicheko kikakatika.

"Mbona jina langu?"

"Kwani nimempima nani?"

"Kaka, acha hizo."

"Chama ni changu pia, na kura nitakipa. Lakini jeneza la mtu anayepumua halitoki humu. Nendeni."

Waliondoka wakitutukana. Mmoja aliahidi kutuchoma pamoja na maranda yetu.

Siku ya mkutano, asubuhi, shemeji alirudi peke yake, macho mekundu.

"Nifutie, kaka. Usingizi umenipaa."

"Futa mwenyewe."

Alifuta kwa kiganja, kisha akavua fulana ya chama akasugulia nayo mpaka plasta ikameguka. Nilimpa chai na shati la kaka yake. Sikujizuia, nililia kwa furaha.

Mchana msafara ulipita kwetu na matarumbeta yake. Jeneza walikuwa wamelipata, limegongwagongwa kwa mbao za makasha. Ubavuni niliona jina la mwalimu. Walipoligeuza mbele ya mlango wetu, ubavu wa pili ulikuwa na jina la shemeji, rangi bado inachuruzika.

"Msaliti! Toka ulijaribu!"

Walilibwaga mlangoni, kisha wakalibeba tena. Mume wangu alichungulia dirishani kwa jicho la fundi.

"Fupi," alisema. "Hawakumpima."

"Wanaelekea kwa mwalimu," shemeji alisema. "Barabara ya mkutano siyo hiyo. Yule mama yuko peke yake, na mimi njia ya uani naijua."

Nilimshika shati. "Shemeji, watakuua."

"Mimi ndiye niliyewaonyesha nyumba yake."

Mume wangu alifungua mlango wa nyuma, akamvalisha kofia yake, akaishusha mpaka kwenye nyusi.

Jua sasa linazama. Mwalimu amefika kwetu kwa kupitia uani, kiatu kimoja mguuni, kofia ya mume wangu mkononi. Anasema kijana alibaki mlangoni kwake kuwachelewesha wenye jeneza.

Ukuta ni mweupe pale alipofuta, lakini mume wangu hasahau vipimo. Amekaa na futi mapajani, na kila nikimwambia tuwashe taa ananiambia ngoja kwanza, atakuja.