Kicheko cha Nora Kilichobaki Studio

Alhamisi asubuhi Nora Hesketh alifua mashuka mawili, akachemsha viazi, akamvalisha mumewe soksi, kisha akapanda basi la Manchester kwenda kukidai kicheko chake.

Kilikuwa kimebaki studio tangu Machi. Jirani yake, Bi. Clegg, alikuwa amepata tiketi mbili za kwenda kuona kipindi cha vichekesho kikirushwa redioni. Mchekeshaji Reggie Plumtree alipoangusha trei ya vikombe, Nora alicheka kile kicheko chake kinachoanzia magotini, na ukumbi mzima ukaachana na Reggie ukamcheka yeye. Kipindi kilipokwisha, Nora aliinuka, kicheko hakikuinuka. Bwana Pelham, msimamizi wa kipindi, akauliza kwa adabu kama wakipeleke nyumbani kwa gari. Nora akajibu kama mama yake alivyomfunza kumjibu mtu yeyote mwenye tai: msijisumbue. Bwana Pelham akayaandika hayo kwenye fomu.

Nyumba kuwa kimya lingekuwa jambo dogo. Lakini Wilf, mumewe, ambaye vumbi la kiwanda cha pamba lilikuwa limemla mapafu, hakuweza kumeza chakula mpaka amsikie Nora akicheka. Sasa alikula Alhamisi tu, saa moja na nusu hadi saa mbili usiku, kipindi kikiwa redioni. Shati lake lilikuwa limeanza kumvaa yeye.

"Leo usirudi mikono mitupu," Bi. Clegg alimwambia kituoni. "Mwambie, nipe changu niende. Usianze yale mambo yako ya samahani, samahani. Mficha uchi hazai, mwenzangu."

Nora akaahidi.

Alikikuta safu ya pili, kiti namba kumi na nne, kikinywa chai. Kilikuwa kimenenepa. Kilikuwa na kitabu chake cha mgawo wa sukari, na ndoano yake ya kutundikia koti. Nora alikisalimu, nacho kikamwitikia kwa kichwa, kama mtu anayejaribu kukumbuka mlikutana wapi. Mwanamke wa kiti cha kumi na tano, aliyekuja kutazama mazoezi ya kipindi cha usiku, akamwomba Nora asogee, maana alikuwa anakizibia jukwaa.

Bwana Pelham alimkaribisha ofisini, wakaongea habari za mvua mpaka zikaisha.

"Sasa, mama, nikusaidie nini?"

Maneno ya Bi. Clegg yalikuwa tayari ulimini. Lakini Nora aliona jinsi bwana huyu alivyochoka. Aliona pia biskuti moja iliyobaki kwenye sahani, ambayo kila mmoja alikuwa akimwachia mwenzake.

"Samahani," alisema. "Ni kicheko changu tu. Mume wangu hali chakula. Lakini kama mnakitumia..."

"Tunakitumia sana."

"Basi msijisumbue. Nilikuwa napita tu."

Bwana Pelham akaitafuta ile fomu, akaongeza kwa wino mwekundu: mara ya pili. Biskuti ikabaki pale pale.

Bi. Clegg alikuwa akimngoja kituoni. Alimtazama mara moja tu.

"Ulisema samahani?"

"Mara moja tu."

Saa moja na nusu Nora aliwasha redio, akashika kijiko. Reggie Plumtree akaangusha trei, kicheko kikapanda kutoka magotini, Wilf akafungua mdomo. Kijiko kimoja kwa kila mzaha. Mzaha wa mama mkwe ulikolea, akameza vitatu. Bendi ilipopiga wimbo, walisubiri, supu ikapoa.

Mwishoni mtangazaji alimshukuru Reggie Plumtree, na bendi, na mpiga piano, na bwana aliyegonga vifuu vya nazi vikasikika kama kwato za farasi. Wilf aliyasikiliza majina hadi la mwisho.

"Hawajakutaja," alisema.

"Wana mengi, mpenzi."

Supu ilikuwa imebaki nusu bakuli. Nora akaifunika kwa sahani, akaiweka dirishani penye baridi, ikae mpaka Alhamisi.